Mifuko thelathini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unasema hati ya mzabuni imeandikwa mifuko 180 ya saruji ya yale madarasa mawili, wewe umehesabu kwa mkono wako ukapata 150, na mwenyekiti wa kamati ya mapokezi anangoja saini yako. Kisha ukaniuliza: "Baba, kama sikula hata shilingi, nimeweka saini tu, na mimi ni mwizi?"

Nitakujibu kama karani wa stoo, maana ndiyo kazi ninayoijua. Kwenye semina walikuwa wakituandikia ubaoni maneno mengi kuhusu uadilifu. Stooni kwetu lilikuwa jambo moja: kilichoandikwa kwenye leja kilingane na kilichoko sakafuni. Ukiandika 180 na sakafuni pana 150, ile 30 umeizaa wewe. Kabla ya saini yako haikuwapo popote. Baada ya saini yako imepokelewa, imelipiwa, na siku si nyingi itasemekana imetumika. Anayekula atakula ulichompikia.

Wala usiione ndogo. Mifuko 30 ya kilo 50 ni tani moja na nusu, na lazima ipunguzwe mahali. Itapunguzwa kwenye zege la lenta, itapunguzwa kwenye matofali. Fundi ataambiwa abane, na mfuko uliokuwa utoe matofali thelathini na kitu utatoa hamsini, ya kukwangua kwa kucha mchanga ukamwagika. Watakaokaa chini ya ukuta huo unawajua kwa majina, maana ndio unaowaita mahudhurio kila asubuhi.

Kwa hiyo ndiyo, mwanangu, ni wizi. Nadhani hilo ulilijua kabla hujaniandikia. Ulichotaka kujua ni itakugharimu nini.

Sisi wazee tukizungumza habari hizi tunapenda kumtaja Mzee Mwinyi. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Namheshimu sana kwa hilo. Ila nimegundua tunaipenda habari hii kwa sababu tunajua ilikoishia: alipelekwa Misri kuwa balozi, na mwaka 1985 akaingia Ikulu. Tunaisimulia kana kwamba heshima ni akiba, ukiweka leo utatoa kesho na faida.

Wako ambao hawakutoa kitu. Kenya palikuwa na kijana anaitwa David Munyakei, karani wa Benki Kuu. Alikuwa anaona mamilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, akaona hesabu haziingii akilini. Nyaraka zikafika kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 akakamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi ikafutwa, kazi hakurudishiwa. Baadaye alipewa tuzo, akapigiwa makofi, akarudi kijijini hana ajira. Alifariki mwaka 2006, hajafika hata miaka 40, katika umaskini. Huyo alikuwa karani kama mimi, na ndiye ninayemkumbuka zaidi.

Yangu haikufika huko. Mwaka 1996, pale Morogoro, niliandika matairi 34 kwa sababu yalikuwa 34, si 40. Hakuna aliyenifokea. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya uhamisho kwenda Kigoma. Wewe ulikuwa darasa la nne. Utakumbuka treni, na yale maembe tuliyonunua dirishani Tabora. Uliniambia ni safari nzuri kuliko zote. Mama yako alikuwa amebeba cherehani lake, na nyuma yake ameacha wateja wa sare za shule mbili. Kigoma hakuwa na mteja hata mmoja. Bibi yako alipofariki tulifika siku mbili baada ya mazishi. Jambo hili sijawahi kukuandikia. Mimi ndiye niliyekataa, na wengine ndio waliolipa zaidi yangu. Tairi sita. Bado nasema nilifanya sawa, na bado yale makaburi ya Morogoro nikipita na mama yako njia ile naangalia upande mwingine.

Basi jiandae. Wenzako watakuita mnoko, watanyamaza ukiingia ofisini. Jina lako laweza kusahaulika wakati wa kupanda daraja, au ukapelekwa shule isiyo na usafiri. Usiongeze mkopo mwingine mwaka huu, hata wakikupigia simu wenyewe. Mwenye makato makubwa hatetemeki kwa ubaya wake, anatetemeka kwa njaa ya watoto. Na usikatae kwa kelele. Hesabu tena mbele ya mjumbe mwingine wa kamati, andika 150 kwa wino, tarakimu na maneno, weka tarehe, hapo ndipo utie saini. Piga picha karatasi hiyo. Umuamkie mwenyekiti kwa adabu kama siku zote.

Nilipofika hapa nikamsomea mama yako. Alisimamisha cherehani. Akasema: "Mwandikie kwamba hukuniuliza. Ningekuambia usisaini vilevile, lakini nilitaka kuulizwa."

Miaka yote hii sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Kwa hiyo kesho usiende kwanza kwa mwenyekiti. Leo usiku, watoto wakishalala, kaa na mumeo umweleze yote, mpaka habari ya uhamisho. Msikilize na yeye, hata kama atachukua muda kujibu. Ukishamaliza naye, nitumie ujumbe, saa yoyote. Simu nitaiweka karibu na kitanda.

Wako,
Baba