Dona, maharage na presha yangu

Watu wakijua nina presha, huanza kuniuliza habari za chumvi. Chumvi nimepunguza, na dawa nameza kila siku. Lakini kilichobadilika zaidi jikoni kwangu ni unga: nimerudi kwenye dona.

Sababu iko kwenye utumbo mpana. Nyuzinyuzi za dona, maharage, kunde na ndizi mbichi hazimeng'enywi huko juu. Zinashuka hadi kwa bakteria, nao wanazichachusha na kutoa asidi ndogondogo za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati hasa ndiyo chakula cha seli za utumbo wenyewe, na husaidia ukuta wake usivujishe uchafu kwenye damu. Nyingine huingia mwilini, na zinaelekea kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani (yaani kinga ya mwili kukaa imewaka) na kuilegeza mishipa.

Ushahidi kwa binadamu bado ni mchanga. Mwaka 2023 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu 20 wenye presha wasiotumia dawa. Walikula kwa wiki tatu wanga wa mahindi uliobebeshwa asetati na butirati, na namba ya juu kwenye kipimo chao cha presha ikashuka kwa takriban 6 (mmHg) kuliko walipokula unga wa kulinganishia. Watu ni wachache, ila 6 si haba.

Huku kwetu Kilimanjaro, utafiti uliotoka 2025 uliwahamisha wanaume wa kijijini kutoka chakula cha asili kwenda cha kizungu kwa wiki mbili, na dalili za uvimbe kwenye damu zikapanda. Waliohamishiwa chakula cha asili, zikashuka. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, nalo likaonyesha dalili nzuri. (Wachaga, tulieni. Pombe na presha bado haviivi chungu kimoja.)

Sasa jikoni. Anza taratibu, la sivyo gesi itakuaibisha kwenye daladala. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale yamwage, chemsha kwa maji mapya. Dona nunua kidogo kidogo mashineni, kwa sababu kiini cha mahindi kina mafuta na unga huchacha upesi. Ukiunusa ukakuta harufu ya mafuta ya zamani, wape kuku. Kiporo nacho kina faida: wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hugoma kumeng'enywa na kuwafikia bakteria. Ila uweke kwenye friji mapema. Wali uliolala mezani ni kuharisha tu.

Vidonge vya "kuzibua mishipa" vinavyouzwa mitandaoni mimi sinunui. Presha yangu imekaa vizuri, lakini kwa kuwa nameza dawa pia, siwezi kuipa dona sifa zote, na wewe usiache zako. Mwenye shida ya figo aongee kwanza na daktari wake, maana maharage na ndizi vina potasiamu nyingi.