Mistari mitatu inatosha

Dada, umeuliza kwa nini kila shajara unayoanza inakufia ukurasa wa tatu. Nadhani unajaribu kuandika siku nzima, tangu alfajiri hadi usiku, lazima uchoke. Mimi nina kaunta buku ya kawaida. Kabla ya kulala naandika tarehe na jambo moja nililoliona kwa macho, mistari isiyozidi mitatu. Mwaka jana niliandika: "Mama kacheka jikoni, mara ya kwanza tangu msiba." Basi. Nikiusoma mstari ule mpaka leo namsikia. Malengo nayaweka kurasa za nyuma, kwa penseli, maana hubadilika. Ndoto ya usiku ndiyo usiicheleweshe: daftari likae kando ya mto, uandike kabla hujashika simu, la sivyo ukifika kwenye chai imeshayeyuka.