Maswali ya Wasomaji: Upole wa Mtanzania, Ukorofi wa Mkenya

Tangu tugusie siasa na tabia za mataifa, barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyonayo. Tumechagua maswali sita. Pale wasomaji wawili walipouliza jambo moja, tumejibu mara moja.

Ndugu Mhariri, kila uchaguzi ukikaribia tunaambiwa Watanzania ni wapole kwa asili na hawapendi mabadiliko. Ushahidi unaotolewa ni Tume ya Nyalali. Je, ushahidi huo una mashiko? (Msomaji, Tanga)

Unayo, ila nusu. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume hiyo mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ikazunguka Bara na Visiwani ikiuliza kama chama kimoja kiendelee au tuingie vyama vingi. Watu 36,299 walitoa maoni: asilimia 77.2 walitaka chama kimoja, asilimia 21.5 vyama vingi. Wanaopenda kutaja takwimu hizi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea.

Tazama kwanza maoni yalivyokusanywa. Mengi yalitolewa kwenye mikutano, mbele ya majirani na viongozi, wakati chama ndicho kilichoshika hatamu. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa ngazi ya chini kabisa, ndiye aliyekuandikia barua ya utambulisho ukiwa na shida ofisini. Hatusemi watu walidanganya. Tunasema kauli ya mtu aliyesimama mkutanoni huku balozi wake akimtazama haina uzito sawa na karatasi iliyokunjwa na kutumbukizwa sandukuni. Halafu wengi wa waliosema chama kimoja kibaki waliongeza sharti: kibaki, lakini kirekebishwe. Ndiyo yenye sharti huhesabiwa ndiyo tupu, na hilo huharibu hesabu nyingi za maoni.

Tume yenyewe haikufuata wingi. Ilipendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba wachache wanaofikia mtu mmoja kati ya watano si wa kupuuzwa, na ni nafuu kubadilika nchi ikiwa imetulia kuliko kungoja kusukumwa. Mfumo mpya ukaanza 1 Julai 1992. Wale asilimia 77.2 hawakuingia barabarani kudai chama kimoja kirudi. Kwa hiyo walichosema hakikuwa imani ya kufa nayo.

Basi walitaka nini? Kwa maoni yetu, Mtanzania wa kawaida alizoea kutafuta mabadiliko kwa kumbadili mtu na kukiacha chama mahali pake. Alizoeshwa hivyo, na mlango ulikuwepo kweli. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, ndani ya TANU peke yake, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Mzee asiyejua kusoma alichagua jembe au nyumba, na vigogo waliangushwa, akiwemo Waziri wa Fedha Paul Bomani. Baadaye ikaja desturi ya kubadili rais kila baada ya miaka kumi: Mwinyi 1985, Mkapa 1995, Kikwete 2005, Magufuli 2015. Kwa wapigakura wengi hayo ndiyo yalikuwa mabadiliko.

Angalia hata upinzani ulipopata kura nyingi za urais. Mwaka 1995 Augustino Mrema alipata asilimia 27.8, mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa akapata karibu asilimia 27, na mwaka 2015 Edward Lowassa asilimia 39.97. Wote watatu walitokea CCM. Wawili walikuwa wameshika nyadhifa za juu serikalini, na Slaa alihama mwaka 1995 baada ya jina lake kukatwa kwenye ubunge. Taifa linaloogopa mabadiliko lisingewapa kura hizo. Linalopenda mabadiliko yenye sura inayofahamika lingewapa.

Hofu nayo ilikuwepo, na haikutoka kwenye damu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Mwaka mmoja na nusu baadaye ndipo kampeni za kwanza za vyama vingi zikafanyika, na wapiga debe wa chama tawala hawakusahau kuuliza kama watu wanataka yaliyotokea kwa jirani. Hoja hiyo ilishika kwa sababu wakimbizi walikuwa wakionekana kwa macho.

Mhariri, methali zetu hazitoshi kuonyesha tabia? "Mvumilivu hula mbivu", "haraka haraka haina baraka". (Msomaji, Lindi)

Hazitoshi. Mwenye kutaka kinyume chake anayo "ngoja ngoja huumiza matumbo" na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Methali ni akiba, kila mtu huchukua inayomfaa siku hiyo.

Kwetu Kenya tunaambiwa ni wakorofi, eti tungekuwa kama Watanzania tungeishi kwa amani. Ni tabia au ni kitu kingine? (Msomaji, Nakuru)

Kwanza tuuondoe huo upole wa kusingiziwa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa kusini mwa Tanganyika. Januari 1964 ilikuwa na Mapinduzi ya Zanzibar na maasi ya wanajeshi Dar es Salaam katika mwezi mmoja. Mwaka 2013 Mtwara ilichafuka kwa ajili ya gesi. Watu wenye upole wa kuzaliwa nao wasingekuwa na orodha hiyo.

Tofauti kubwa ipo ardhini. Tanganyika ilifuta umiliki wa kudumu mwaka 1963 na ardhi yote ikawa ya umma chini ya Rais. Mfumo huo una kero zake, waulize wafugaji, lakini uliondoa soko la mashamba ya walowezi. Kenya iliyaacha mashamba hayo yauzwe na kununuliwa, na Bonde la Ufa likajaa watu wenye hati na wengine wenye madai ya mababu, wote wakiitazama serikali kama mwamuzi. Hapo kubadilika kwa rais kunaweza kumaanisha kubadilika kwa mwenye shamba. Mtu wa Nakuru anayetetemeka uchaguzi ukikaribia ana sababu ambayo mtu wa Singida hana. Ongeza idadi: Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na hata Wasukuma, walio wengi kuliko wote, hawawezi kuunda serikali peke yao.

Upo pia mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, wilaya za vijijini zinazofanana kwa mengi. Busia, kadiri makabila yalivyochanganyika ndivyo michango ya shule za msingi ilivyopungua. Meatu mchanganyiko haukupunguza kitu. Yeye aliona sababu ni sera: Kiswahili, mitaala na serikali za vijiji.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote uko kwenu wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walioshindwa walikataa kwenda mahakamani kwa kuwa hawakuiamini, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Tarehe 4 Agosti 2010 katiba mpya ikapitishwa kwa takriban asilimia 67, ikaleta Mahakama ya Juu na kaunti 47. Mwaka 2013 mgogoro wa urais ukaamuliwa na majaji na nchi ikapita. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyohiyo ikafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Damu za mwaka 2017 hatuzisahau, lakini kati ya 2007 na 2013 ni miaka sita tu, na watu ni walewale. Tabia ya taifa haibadiliki kwa miaka sita. Kilichobadilika ni mahali pa kupeleka hasira.

Ikiwa ni utaifa, mbona Unguja na Pemba si kama Bara, na tuko nchi moja? (Wasomaji wawili, Wete na Mjini Magharibi)

Takwimu za Nyalali zenyewe zilionyesha hilo. Bara asilimia 79.7 walitaka chama kimoja, Zanzibar asilimia 56.4 tu. Sababu ni kwamba Zanzibar ilikuwa na ushindani mkali wa vyama kabla ya mapinduzi, na ushindani huo ukarithiwa majumbani. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, na wapinzani wake ZNP (Hizbu) 9 na ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. ZPPP ikagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni na watu 68 wakauawa. Kwenye nyumba nyingi za Pemba habari hizo bado husimuliwa kama za juzi.

Vyama viliporudi, mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad wa CUF. Januari 2001 waandamanaji waliuawa, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Kisha ikaja kura ya maoni ya 31 Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Watu walioitwa wabishi kwa asili walichagua kugawana madaraka mara tu walipoulizwa kwa karatasi. Mambo yaliharibika tena Oktoba 2015, matokeo yalipofutwa yote.

Mimi ni mwanafunzi. Nikikutana na utafiti unaosema "wananchi wanapendelea utulivu kuliko mabadiliko", niusome vipi? (Dodoma)

Anza na swali lenyewe kama lilivyoandikwa kwenye dodoso, si kichwa cha habari. Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya watu barani Afrika, kwa mfano, humsomea mtu kauli mbili: moja inasema vyama huleta mgawanyiko na vurugu hivyo vingi havihitajiki, nyingine inasema vyama vingi vinahitajika ili wananchi wawe na chaguo la kweli. Neno "vurugu" likiwemo, jibu husogea. Anayepinga vurugu huhesabiwa kuwa anapinga vyama.

Kisha idadi. Sampuli ya watu 2,400 hutoka kwenye maeneo 300 ya kuhesabia watu, wanane kila eneo, na kosa lake ni asilimia 2 juu au chini kwa nchi nzima. Wanafunzi wengi huteleza hapa: huchukua mkoa mmoja ndani ya sampuli hiyo na kutangaza msimamo wake. Mkoa wenye watu 96 una kosa la takriban asilimia 10 kila upande, na kwa kuwa waliohojiwa wamekaa kwa mafungu ya majirani, kosa halisi ni kubwa zaidi. Asilimia 45 na asilimia 58 hapo ni kitu kimoja.

Tatu, nenda mwisho wa dodoso, kwenye swali ambalo wengi hulipita: mhojiwa anadhani nani amemtuma anayemhoji? Wanaojibu "serikali" watenge, linganisha majibu yao na ya wengine. Pengo likiwa kubwa, unachokipima ni tahadhari ya watu, siyo mapenzi yao. Na usilinganishe nchi mbili kabla ya kuangalia lugha iliyotumika kila upande, kwani dodoso la Kiswahili na la lugha ya nyumbani halivuni majibu yaleyale.

Baada ya 29 Oktoba 2025, bado mtasema Mtanzania ni mpole? (Msomaji, Mwanza)

Hatukusema. Tulisema alizoea mlango fulani. Hesabu jinsi mlango huo ulivyopungua upana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wapinzani walijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua karibu viti vyote. Mwaka 2020 kura za maoni za kupata wagombea ndani ya CCM zilifanyika, lakini vikao vya juu vilipitisha baadhi ya walioshika nafasi ya pili au ya tatu. Jembe na nyumba, maana yake, havikuwepo tena. Mwaka 2025 CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, chama kingine cha upinzani, alienguliwa. Siku ya kupiga kura maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, watu wakauawa, amri ya kutotoka nje ikatolewa na intaneti ikazimwa. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Rais Samia Suluhu Hassan wa CCM asilimia 97.66.

Umri nao uhesabiwe. Aliyezaliwa mwaka 1995 alikuwa na miaka 30 siku ile. Hakuyaona mahema ya Ngara, na wengi wa rika lake hawajawahi kupeleka shida kwa balozi wa nyumba kumi. Alichokiona kwenye simu yake ni vijana wa Nairobi wakiingia bungeni tarehe 25 Juni 2024, na kesho yake rais wao akikataa kusaini muswada wa fedha. Baba yake alitishwa kwa mfano wa jirani. Yeye amepewa mfano mwingine wa jirani, na umefundisha kinyume.

Kwa anayetaka kujua mambo yanaelekea wapi, asihesabu maandamano pekee. Aangalie kwanza ni wagombea wangapi wanarudisha fomu vijijini na mitaani na ni wangapi wanaenguliwa, kisha kama mshindi wa kura za maoni kwenye chama chake ndiye anayesimama jimboni.