Fundi Anajibu: Nembo ya kona, nyuso zilizotanuka na kivuli kisichotoka

Kuna namna ya kuiondoa nembo ya stesheni kwa rimoti? (Msomaji, Tanga)

Hakuna. Imeshachanganywa na picha kabla haijarushwa.

Nimenunua TV ya 4K, inchi 55, lakini taarifa ya habari ina ukungu. Nimeuziwa feki? (Morogoro)

Swali hili naletewa kila mara na watu ambao hawajachungulia hata nyuma ya TV. King'amuzi umekiunganisha kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano? Zing'oe, weka waya mmoja wa HDMI. Hata hivyo, chaneli isiyo ya HD (picha ya ubora wa juu) huwa na pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa 576 tu. Skrini yako ina 3,840 kwa 2,160, yaani mara 20. Pikseli moja inatandazwa ijaze nafasi ya 20, ukungu utakosekanaje? Kabla ya kuongeza inchi, uliza chaneli unazozipenda zinarushwa kwa HD au la.

Shikamoo fundi. Mbona kwenye tamthilia za zamani watu wote wanene? Mume wangu anasema TV bapa ndivyo zilivyo. (Mwanza)

Marahaba. Sivyo zilivyo, na msikubali kuzoea. Picha za zamani zilirekodiwa kwa umbo la 4:3 (upana 4 kwa kimo 3), skrini za leo ni 16:9. Zikivutwa zijaze skrini, upana unaongezeka kwa theluthi nzima. Nyuso zinatanuka, mpira unakuwa yai.

Ukitaka kumjua mkosaji, itazame nembo, kwa sababu stesheni huibandika mwishoni, picha ikiwa tayari. Nembo ya duara nayo imetanuka? TV yako ndiyo inayovuta. Ingia kwenye menyu ya picha uchague 4:3. Nembo iko sawa ila watu wametanuka? Hapo aliyevuta ni stesheni. Waandikie. Wakikaa kimya, peleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Jambo hili linaniuma. Enzi za analojia tulivumilia chenga kwa sababu mawimbi yalifika yamechoka. Leo mawimbi ni mazima, anayeharibu ni mtu aliyekaa mbele ya mitambo. Taarabu ya zamani inatanuliwa, kona inawekwa nembo, chini linapita tangazo, na waimbaji wanabaki na kipande cha katikati. BBC One ya Uingereza haina nembo ya kudumu kwenye kona, na watazamaji wake hawapotei.

TV yangu ya OLED imebaki na kivuli cha nembo hata nikihama chaneli. Huwa naizima ukutani kuokoa umeme. (Mombasa)

Acha kuizima ukutani. Kwenye OLED kila pikseli hutoa mwanga wake na huchakaa kwa kutumika. Zilizo chini ya nembo huchakaa kuliko jirani zake. OLED nyingi hujisafisha zikishazimwa kwa rimoti, umeme ukiwa bado unaingia. Tafuta pia kwenye menyu sehemu ya kusafisha pikseli, uiendeshe mara moja tu. Kivuli kilichokolea hakitoki.

Na mnaotafuta OLED za mtumba, hasa zilizotoka baa na hotelini: mwambieni muuzaji awashe picha ya kijivu tupu skrini nzima, muanze kukagua kona ya nembo kabla ya kutoa pesa.