Pua ya mtoto kuziba usiku

Pole sana dada. Umesema mtoto ana wiki sita, anakoroma usiku na kuachia titi kila mara. Mtoto wa umri huo hupumua zaidi kwa pua, kwa hivyo kamasi kidogo tu inamsumbua.

Nenda kemisti ununue matone ya maji ya chumvi ya watoto. Mlaze chali, tia tone moja au mawili kila pua, subiri kama dakika moja. Kisha chukua ile pampu ndogo ya mpira ya kuvuta kamasi: ibonyeze kwanza ikiwa nje ya pua, ingiza ncha kidogo tu, halafu achilia polepole. Wangu alikuwa analia kweli, lakini kamasi ikitoka nzito hivi, ananyonya mpaka analala. Fanya kabla ya kunyonyesha, si baada, asije akatapika. Usirudie mara nyingi kwa siku, pua itavimba ndani. Pampu ioshe kwa maji moto na sabuni.

Tafadhali usimpake dawa za kuchua zenye mentholi, wala usimpe dawa ya mafua ya wakubwa. Na najua baridi ya Julai hapa Nairobi, lakini jiko la makaa lisiingie chumbani anakolala. Moshi wake unaua.

Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, akikataa kunyonya kabisa, au joto likifika 38, mkimbize hospitali usiku huohuo.