Usianze na Stelingi

Juzi msomaji mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nataka kuzijua nyimbo za Kihindi za zamani, zile za kina babu. Nianze na stelingi gani, Raj Kapoor au Dilip Kumar?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo ndilo lililonifedhehesha mimi mbele ya watu 200.

Kwa wasionijua, napiga muziki wa zilipendwa kwenye shughuli, hapa Unguja. Mwaka juzi familia moja ya mjini ilinialika kwenye sherehe ya wazee wao waliotimiza miaka 50 ya ndoa. Walitaka nyimbo za Kihindi tupu, za enzi zile wanakwenda sinema Majestic pale Vuga. Nikawaambia hamna taabu. Kweli sikuona taabu: nilikuwa na fleshi yenye nyimbo 400 nilizozipakua usiku mmoja, na kila faili aliyeipandisha kaipa jina la mwigizaji. Raj Kapoor namba moja, Raj Kapoor namba mbili, mpaka thelathini na kitu.

Basi nikashika maiki. Nami nikishika maiki huwa sijizuii. "Na sasa, Raj Kapoor mwenyewe anatuimbia Mera Joota Hai Japani!" Wimbo ukaanza. Mstari wa mbele alikaa bibi mmoja, buibui lake limekaa sawasawa, kikombe cha kahawa mkononi. Akauliza, wala hakupaza sauti, "Mwanangu, Raj Kapoor kaanza lini kuimba?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi akaongeza, "Mukesh huyo."

Mwenye akili angetulia. Mimi nikataka kujikosha. Nyimbo mbili mbele nikatangaza kwa mbwembwe: "Kwa heshima ya bibi yetu, sauti ya Mukesh na Lata Mangeshkar, Pyar Hua Ikrar Hua!" Ule wa mwavuli, mvua inanyesha, Raj Kapoor na Nargis wanatazamana. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: filamu ileile, Shree 420 ya 1955, stelingi yuleyule, basi na mwimbaji ni yuleyule. Bibi akatikisa kichwa. "Manna Dey. Kaa kitako, mwanangu, uwache nyimbo zijisemee."

Kijana mmoja alirekodi. Usiku uleule video ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, na wiki nzima pale Darajani jina langu likawa Mukesh. Hata muuza urojo: "Mukesh, nikutilie kachori?" Nahadithia huku nacheka, lakini iliniuma, na nisiwadanganye, mpaka leo nikimwona yule kijana nabadilisha njia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Morogoro, ushauri wa kwanza ni huo: usianze na stelingi. Fuata sauti, achana na sura.

Zamani, sauti na sura zilikuwa kitu kimoja. Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya 1931, ilikuwa na nyimbo saba, na waigizaji waliimba wenyewe mbele ya kamera. Mwaka 1935, katika studio za New Theatres kule Calcutta, ikatengenezwa Dhoop Chhaon kwa mtindo mpya: wimbo unarekodiwa kwanza, kisha mwigizaji anachezesha midomo. K.L. Saigal aliendelea kuigiza na kuimba mwenyewe mpaka alipofariki 1947, lakini baada yake kazi zikagawanyika. Mmoja anatoa sura, mwingine anatoa koo. Ukimwita Saigal mwimbaji hujakosea. Ukimwita hivyo Raj Kapoor mbele ya wazee wa mjini, umekwisha.

Tena kosa langu lina ukoo mrefu, hilo nimekuja kuligundua baadaye na likanifariji. Mwaka 1949 ilitoka Mahal, ikiwa na wimbo Aayega Aanewala. Santuri za mwanzo ziliandikwa kwamba mwimbaji ni Kamini. Kamini ni nani? Ni jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala! Lata aliyeuimba, binti wa miaka 20 hivi, hakutajwa. Wenye santuri wenyewe waliiuza sauti yake kwa jina la kivuli, seuze mimi na fleshi yangu.

Nilijifungia miezi mitatu. Mengi ya miezi ile yalichosha, sitawachosha nayo. Nilichofanya ni hiki: kila wiki mwimbaji mmoja, usiku, bila picha. Picha inadanganya. Ukimwona Nargis analia utasema wimbo mzuri hata kama ni wa hovyo. Mukesh ana sauti inayopitia puani kidogo, haipambi kitu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake barazani watu wote wakishalala. Mohammed Rafi anapanda. Msikilize O Duniya Ke Rakhwale, kwenye Baiju Bawra ya 1952: kule mwishoni anapanda mpaka wewe unayesikiliza ndiye unayetamani ashuke. Manna Dey kasomea muziki wa jadi wa Kihindi na unamsikia jinsi anavyopita kwenye kona ngumu bila kugusa ukuta. Kishore Kumar anacheza, anaipindua sauti kooni kama mtoto anayeteremka ngazi kwa kurukaruka. Ukishawajua hao wanne kwa masikio, hakuna bibi atakayekukalisha kitako.

Baada ya sauti, muulize mtunzi. Hili watu wa pwani tusingehitaji kufundishwa. Kwenye taarab mtu husifiwa kwa shairi na kwa mahadhi, na Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake kwa kuyavisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu hizihizi. Mbona kwenye filamu zenyewe tunamkumbuka mwenye mwavuli peke yake? Maneno ya Mera Joota ni ya Shailendra, muziki ni wa wawili, Shankar na Jaikishan. Haohao walikuwa kwenye Awaara ya 1951, iliyowatia wazimu watu wa Urusi kama ilivyowatia wazimu wazee wetu. Na kwenye hiyo Baiju Bawra kuna wimbo wa ibada ya Kihindu, Man Tarpat Hari Darshan Ko Aaj, wenye kumlilia Hari, jina la mungu wao. Shairi la Shakeel Badayuni, muziki wa Naushad, sauti ya Rafi. Waislamu wote watatu. Siku nilipolijua hilo niliurudia wimbo mara sita, chai ikapoa.

Miaka ya hamsini ndiyo nyumba yenyewe, kaa humo muda mrefu. Redio ya taifa ya India ilipozibania nyimbo za filamu, mwaka 1952, wasikilizaji walihamia Radio Ceylon, ya Sri Lanka ya leo, kumsikiliza mtangazaji Ameen Sayani, na mwaka 1957 redio ya taifa ikasalimu amri, ikafungua idhaa ya Vividh Bharati. Watu waliokuwa tayari kutega redio ya nchi nyingine kwa ajili ya wimbo! Leo mtu anaruka wimbo sekunde ya kumi.

Kwenye miaka ya sitini utakutana na Mughal-e-Azam ya 1960. Sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe, kisha inafika Pyar Kiya To Darna Kya, rangi zinafunguka, na Madhubala anacheza kwenye ukumbi wa vioo. Anayeimba ni Lata, yule aliyenyimwa jina 1949. Sauti, ndugu yangu, si sura. Halafu Aradhana ya 1969, na hii iandike mahali. Stelingi mmoja, Rajesh Khanna, anaimbiwa na watu wawili: kuna nyimbo zake zilizoimbwa na Rafi, kisha Mere Sapno Ki Rani na Roop Tera Mastana anaimba Kishore. Kama ningekuwa nimeisikiliza hiyo kabla ya ile shughuli, nisingeamini kwamba stelingi mmoja ana koo moja.

Za sabini mtajifundisha wenyewe, zinapigwa kila pahala. Jueni tu kwamba ile Mehbooba ya Sholay, 1975, aliyeimba ni mtunzi mwenyewe wa muziki, R.D. Burman. Mukesh akafia Detroit 1976 akiwa ziarani, Rafi 1980, Kishore 1987. Disco Dancer ya 1982 nawaachia wenye magoti mazima. Kwangu miaka ya themanini ni Umrao Jaan ya 1981, Asha Bhosle akiimba muziki wa Khayyam, nami hapo nafunga kabati.

Na nyinyi vijana mnaofanya kazi kama yangu, nisikilizeni. Mnapakua nyimbo 400 kwa usiku mmoja, kama mimi. Mnatangaza msichokijua kwa sauti ya mtu anayejua, kama mimi. Mzee akikusahihisha mnasema kapitwa na wakati. Hakupitwa, alikuwepo! Alitoa senti zake akaingia ukumbini, akatoka na wimbo kichwani bila kujua neno moja la Kihindi, akaubeba miaka 60. Wewe umeubeba kwenye fleshi. Heshimu jina la mwimbaji. Lisome, liandike, ulitangaze, na kama hulijui funga mdomo upige wimbo.

Nimeandika haya yote kwa sababu Ijumaa iliyopita nilipigiwa simu na mjukuu wa yule bibi. Chakula cha jioni nyumbani kwao, watu wa ndani tu, na bibi kasema aitwe "yule Mukesh". Nilitaka kukataa. Nikaenda, na karatasi yangu yenye majina mfukoni.

Nilipiga kimya kimya kwa saa nzima, maiki sikuigusa. Bibi alikuwa akiwatajia wajukuu: huyu Talat Mahmood, huyu Geeta Dutt, huyu Hemant Kumar. Hakukosea hata mmoja. Ikafika Ramaiya Vastavaiya, ya Shree 420 ileile. Akasema, "Hawa Mukesh na Lata."

Moyo ukanidunda. Nikaitazama karatasi, nikamtazama yeye.

"Samahani bibi. Na Rafi yumo."

Chumba kikanyamaza. Mjukuu alinitolea macho. Bibi akaweka kikombe chini, akafumba macho, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha.

"Hebu rudisha," akasema.

Nikarudisha.