Maswali ya wasomaji: nyumba ya kwanza, hela kidogo, fenicha gani?

Mwezi huu barua karibu zote zina kilio kimoja, mtu kapata nyumba au chumba chake cha kwanza, kodi kalipa, sasa anatazamana na kuta. Tumechagua chache, kama lako halimo angalia la mwenzio, mengi yanafanana.

Habari za kazi dada? Mimi na mchumba wangu tunahamia kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili, tuna akiba kidogo ya kununulia vitu. Yeye anataka tuanze na seti ya makochi, anasema sebule tupu ni aibu wageni wakija. Mimi nasema godoro kwanza. Tumebishana mpaka tumenuniana. Nani yuko sahihi?
*Mwenye Funguo Mpya*

Salama mdogo wangu, na hongereni sana. Uko sahihi wewe ila usiende kumringia maana mtanuniana tena.

Hesabu yangu mimi huwa ni ya masaa. Chukua kila kitu unachotaka kununua ujiulize mwili wako utakigusa masaa mangapi kwa siku, godoro ni saba au nane kila siku ya Mungu, kochi labda mawili jioni, ile meza ndogo ya kioo ya katikati ya sebule ni sufuri, unaizunguka tu na kuigonga kwa ugoko. Hela nyingi iende kwenye masaa mengi. Kwa hiyo godoro zuri kwanza, hapo msibane kabisa, halafu kitanda cha kawaida tu kisicho na madoido, halafu meza MOJA ya maana yenye viti viwili ambayo mtalia chakula, mtaandikia, mtapigia pasi, na sehemu ya kutundika nguo hata kama ni bomba na henga. Kochi lije baadaye.

Na likija lisije kwa seti. Seti inauzwa kwa sababu muuzaji anataka kuondoa vitu vitano kwa mpigo, wewe unahitaji viwili, hivyo vitatu vingine unavilipia halafu vinakula nafasi. Mkinunua kimoja kimoja shikeni rangi moja au mbili tu, mbao za rangi ya kahawia kwa mfano na vitambaa vya kijivu, hapo hata vikitoka sehemu nne tofauti vitaonekana ndugu. Kingine ni kwamba mkikaa humo mwezi mzima bila vitu vingi mtagundua jua linaingia wapi, mlango unafungukia upande gani, soketi ziko wapi, na mara nyingi pale mlipodhani kochi litakaa sipo kabisa.

Wageni wekeeni zulia na mito mikubwa. Anayewasema kwa kukosa kochi mwezi wa kwanza, mkiweka kochi atawasema kwa pazia.

Jambo moja tu, kama kitanda kitachelewa godoro msililaze sakafuni moja kwa moja miezi na miezi. Jasho linashuka, sakafu ni ya baridi, unyevu unabaki katikati na ukungu unaota chini huku juu hamuoni kitu. Wekeni chaga au mbao zozote zenye upenyo wa hewa chini yake, na asubuhi lisimamisheni ukutani lipate hewa.

Dada nisaidie, kila duka ninaloingia wananiambia godoro lao ni "hai densiti". Nalibonyeza, naona gumu, nashindwa kujua ni kweli au wananipiga. Kuna njia ya kujua?
*Mgongo Unauma*

Ipo, na inahitaji mizani na tepu tu, wengi hawaijui.

Kwanza ujue ugumu na densiti ni vitu viwili. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo, ugumu ni inavyokusukuma ukibonyeza, na kiwandani wanaweza kutengeneza sponji nyepesi ikawa ngumu kabisa, ukaibonyeza dukani ukafurahi, baada ya miezi kadhaa katikati pameshakuwa bonde. Kinachofanya godoro lidumu bila kubonyea zaidi ni ile densiti. Kwa hiyo lipime. Tuseme godoro la futi 5 kwa 6, hiyo ni kama sentimita 152 kwa 183, unene sentimita 15. Zidisha kwa mita, 1.52 mara 1.83 mara 0.15, unapata kama mita za ujazo 0.42. Muuzaji akisema densiti ni 30, yaani kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, zidisha kwa hiyo 0.42, basi sponji yenyewe inatakiwa iwe na kilo 12 na nusu hivi. Liweke kwenye mizani, toa kidogo kwa ajili ya kitambaa, ukikuta kilo 8 umeshajua unaongea na mtu wa aina gani na wala huna haja ya kugombana, unasema asante unatoka.

Hii haifanyi kazi kwa godoro la springi, wala kwa yale ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, hayo huwa mazito na magumu sana kwa asili yake. Fungua zipu uangalie, ukiona rangi rangi kama zege la sponji ndio hilo. Sio baya kwa kila mtu ila jua unachonunua.

Na kwa kuwa unaumwa mgongo, tazama na kitanda pia. Nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi sentimita 7 hivi sponji inazama katikati, na kitanda cha watu wawili bila boriti ya katikati yenye mguu wake unaofika chini kitapinda tu. Watu wengi wanabadilisha godoro kumbe kosa liko chini yake.

Angalia pia vipimo kabla ya kulipa, vitanda vingine vimetengenezwa kwa futi na vingine kwa sentimita, godoro la 152 kwa 183 ukiliweka kwenye kitanda cha 150 kwa 200 linabana pembeni halafu miguuni linaacha pengo la kiganja kizima. Mto unatumbukia humo kila usiku.

Mimi bajeti yangu ni ndogo sana, nataka kununua vitu vilivyotumika kwa watu wanaohama. Mama yangu hataki hata kusikia, anasema nitaleta kunguni ndani. Je niache?
*Wa Mtumba*

Usiache! Kwa hela ndogo hapa ndipo pazuri kuliko kote, meza ya mbao kamili iliyotumika miaka kumi bado ina miaka mingine mingi mbele yake wakati ile mpya ya bei hiyohiyo ni unga wa mbao uliogandishwa na gundi ukavikwa stika. Mikwaruzo unapiga msasa, unapaka vanishi, basi. Ila mama yako naye hajakosea, kwa hiyo tugawane: mbao na chuma nunua bila woga ukishakagua, vya kitambaa kagua mara mbili, godoro lililotumika acha kabisa.

Kukagua nako kuna namna. Nenda mchana, chukua tochi ya simu na kadi ngumu ya plastiki. Kwenye kochi pitisha kadi kwenye mishono yote na mikunjo, toa mito, ligeuze chini juu uone kile kitambaa cheusi cha chini kimeshikwaje. Kunguni mzima ni bapa, kahawia, urefu kama milimita 5, anaonekana vizuri tu, lakini mara nyingi hutamuona yeye, utaona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, maganda, na mayai meupe madogo sana. Kwenye kitanda cha mbao anapenda matundu ya skrubu na pale chaga zinapokutana na ubavu. Ukiona dalili yoyote ondoka, hata kama ni cha bure, na usidanganywe na lile wazo la kukiweka stoo wiki kadhaa wafe njaa, hao wanavumilia miezi mingi bila kula. Joto ndilo linalowamaliza, nyuzi 50 na kuendelea mpaka liingie ndani kabisa, kwa hiyo foronya na vitambaa vinavyovuliwa vifue kwa maji ya nyuzi 60.

Kwenye mbao adui ni mwingine. Vitobo vidogo vya duara sio lazima viwe tatizo, vinaweza kuwa vya zamani, futa vumbi, gonga kwa ngumi, ukiona unga laini mpya unadondoka kuna mdudu anakula humo sasa hivi.

Halafu kuna kipimo cha kochi ambacho mimi nakipenda sana. Shika kona moja ya mbele uinyanyue kama sentimita 15, mguu wa upande wa pili wa mbele nao unatakiwa uwe umeanza kunyanyuka. Ukibaki umeganda chini maana yake fremu inajipinda, viungo vimelegea au mbao ni dhaifu, na kushona kitambaa kipya juu ya fremu ya namna hiyo ni kutupa hela. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Droo nazo, ichomoe moja mpaka nje ugeuze, ukiona kona zimeungwa kwa meno yanayoshikana chukua, ukiona pini za stepla na gundi basi bei ishuke.

Nimenunua kabati la kuunganisha mwenyewe, la bodi. Nimelifunga nikalifungua nikahamisha chumba nikalifunga tena, sasa linayumba na skrubu zinazunguka bure. Na shelfu limepinda. Nimeuziwa feki?
*Bisibisi*

Feki sio lazima, hiyo ndiyo tabia ya chipubodi. Ni chembe za mbao zilizoshindiliwa na gundi, skrubu ikiingia mara ya kwanza inashika, ukiitoa inatoka na chembe zake, ya pili inazunguka kwenye shimo. Jaza shimo kwa gundi ya mbao na vijiti vyembamba, acha ikauke mpaka kesho, kata vijiti viwe sawa na ubao halafu ndio ufunge tena kwa mkono, usitumie mashine. Kuyumba nako, angalia ule mgongo mwembamba wa nyuma, watu wanauona kama pambo la kuzuia vumbi wanaupigilia vimisumari vitatu, kumbe ndio unaolizuia kabati lisilale upande. Sawazisha kona kwanza, pima kutoka kona mpaka kona kwa mshazari, pande zote mbili vipimo vilingane, ndipo upigilie mgongo kuzunguka kote. Na kama kuna mtoto ndani ya nyumba lifunge ukutani leo, makabati marefu yanaangukia watoto wanaopanda droo.

Shelfu ni hesabu tu, ubao uleule na mzigo uleule ukiurefusha mara mbili unapinda mara 8. Weka kiguzo katikati utaona tofauti. Maji usiyasogeze kabisa, bodi ikinywa maji inavimba na hairudi.

Wala usichukie fenicha za kufunga kwa skrubu kwa ujumla. Michael Thonet wa Vienna mwaka 1859 alitoa kiti namba 14, vipande 6 vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu 10, nati 2, na viti 36 vikiwa vimefunguliwa vinaingia kwenye sanduku la mita 1 kila upande. Kilikuwa kiti cha bei nafuu na vingine bado vinakaliwa mpaka leo. Tofauti ni kwamba ile ilikuwa mbao kamili.

Duka linanipa kitanda, kabati na kochi vyote leo, nilipe kidogo kidogo kila mwezi. Nikubali?
*Nina Haraka*

Chukua kiasi cha mwezi, zidisha kwa idadi ya miezi, ongeza na ile ya kuanzia, halafu waulize bei ya taslimu ya vitu hivyohivyo. Hiyo tofauti ndiyo bei ya haraka yako. Kama ni ndogo na ni ya kitu kimoja tu, godoro tuseme, mimi sina neno. Kwa vyote vitatu hapana, na soma pale panaposema ukichelewa mwezi mmoja inakuwaje, maduka mengine yanachukua kitu chao na ulicholipa hakirudi.

Dada, kochi nililolipenda lina urefu wa mita 2.1, mlango wangu una upana wa sentimita 80. Litapita?
*Kipenzi cha Kochi*

Urefu sio shida, kochi linaingia kwa ubavu au likiwa limesimama wima. Pima kina chake, mbele mpaka nyuma, na kimo chake, kile kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kipite kwenye sentimita 80, na hizo 80 upime mlango ukiwa wazi maana bawaba na ubao wenyewe vinakula kadhaa. Miguu mingi inafunguka, itoe. Kinachokwamisha watu huwa ni kona ya korido na ngazi, kwa hiyo pima kila sehemu kuanzia kwenye gari mpaka ndani. Halafu tandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kochi, acha sentimita 40 mpaka 45 mpaka kwenye meza ndogo na 75 hivi pa kupitia, tembea hapo siku mbili tatu. Ukiwa unajikwaa kwenye magazeti tafuta la mita 1.6.